Uliza Fundi: Hesabu za ofisi zimepanda baiskeli

Mwezi huu sijui mmeambizana, maana barua na meseji karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, seva, seva, seva. Basi safu nzima nimewapa watu wa seva, wale wa simu zinazokula chaji tuonane mwezi ujao, na wewe wa Makorora uliyeangusha simu kwenye ndoo ya kufulia, itoe huko kwenye mchele uipeleke kwa fundi, mchele upikwe.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Ngamiani, Tanga, tawi letu lipo Makorora, jumla tuna kompyuta tisa. Daftari la mikopo lipo kwangu kwenye Excel, afisa mikopo analo la kwake, tawini wanalo la kwao, jioni kijana wa ofisi anatia flashi mfukoni anapanda baiskeli kwenda tawini anarudi nayo tunaunganisha. Mwezi uliopita kaja mwanachama anasema deni kamaliza, kwangu linasoma bado 340,000, kwa afisa mikopo linasoma sifuri, mzee wa watu kafoka mpaka watu wa nje wakachungulia. Sasa bodi inataka inunue laptopu mpya nne, kijana mmoja katushauri tununue seva, mwenyekiti anasema seva ni mambo ya mabenki. Sisi wa saizi hii inatufaa kweli?
Mhasibu Asiyelala, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Laptopu nne mpya zitawapa madaftari mengine manne, hilo mwambie mwenyekiti kwanza kabla hamjaagiza chai.

Watu wakisikia seva wanawaza chumba chenye baridi na taa za kumetameta, ile ya mabenki ndo hivyo kweli, ila seva ya ofisi kama yenu ni kompyuta tu kama hiyo unayotumia, tofauti yake haikai mtu mbele yake. Inakaa imewashwa kutwa kucha inahudumia wenzake, inatunza mafaili, inajua nani ni nani na nani aguse nini, inapokea kazi za printa. Nyie mnabaki kwenye kompyuta zenu zile zile, ila ukifungua daftari la mikopo unafungua lililopo kwenye seva, afisa mikopo akifungua anafungua hilo hilo, na yule mzee wa 340,000 akija anakuta jibu moja, liwe zuri liwe baya ila ni moja.

Kuna ofisi niliitwa, jina silitaji, nikafungua folda yao nikakuta faili linaitwa Wanachama, la pili Wanachama mpya, la tatu Wanachama mpya SAHIHI, la nne Wanachama mpya SAHIHI tumia hii, la tano Wanachama tumia hii Julai. Nikauliza lipi ndo lenyewe, watu watatu wakanionyesha mafaili matatu, halafu mama mmoja mtu mzima aliyekuwa kimya muda wote akavuta droo akatoa kaunta buku, akaipangusa vumbi, akasema mwanangu, lenyewe hili hapa. Na kweli lilikuwa lenyewe. Ofisi ina kompyuta saba, ukweli upo kwenye droo ya mama.

Seva ndo hiyo kaunta buku, ila inayoweza kufunguliwa na watu tisa kwa mpigo. Lakini hapa niseme kitu ambacho yule kijana labda hajawaambia, Excel ukiiweka kwenye seva hivi hivi, mmoja akiifungua kuandika, wa pili anaambiwa faili linatumika, soma tu. Kwa hiyo mkishafunga seva wekeni juu yake programu ya SACCOS yenye kanzidata, ile ambayo karani wa Ngamiani anaingiza rejesho na wa Makorora anaingiza lake dakika hiyo hiyo bila kukanyagana, na inaandika nani kaingiza nini saa ngapi. Hata zile taarifa za chama mnazojaza kwenye MUVU ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika mtakuwa mnazichota sehemu moja badala ya kuchelewa kulala, nimeona jina lako hapo chini nikaelewa.

Faida nyingine utaziona polepole. Kompyuta ya mtu ikifa asubuhi anahamia meza ya jirani, anaingia kwa jina lake na nenosiri lake, kazi yake anaikuta, maana haikuwa kwenye ile iliyokufa. Mfanyakazi akiacha kazi unafunga jina lake mara moja kwenye seva basi, huzunguki kompyuta tisa kubadilisha nenosiri. Aliyefuta faili kwa bahati mbaya, kama fundi wenu ameweka seva ipige picha ya mafolda kila baada ya masaa kadhaa, unarudi kwenye picha ya saa nne unalichukua. Na flashi inastaafu, ile flashi yenu inayopanda baiskeli kila jioni, wallahi sitaki hata kujua imebeba virusi wangapi.

Tawi la Makorora litaingia kwenye seva kwa VPN, yani njia iliyofichwa ndani ya intaneti ya kawaida, hata bando dogo linatosha kwa kazi ya kuingiza namba. Ila msikurupuke, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2023 ilitangaza wanaotumia VPN kwa kazi zao watoe taarifa, kwa hiyo mkamilishe hilo kwanza. Na msije mkaifungua seva moja kwa moja kwenye intaneti ili tawi liingie kirahisi, kuna watu huko duniani kazi yao usiku na mchana ni kugonga milango ya namna hiyo.

Gharama? Kwa watu tisa hamhitaji dude la kutisha. Mashine mpya ya wastani yenye RAM ya GB 16, diski mbili, swichi ya mtandao (kile kiboksi cha kuunganishia waya za kompyuta) ya kasi ya gigabiti, waya za Cat5e au zaidi na kila waya usizidi mita 100, hiyo ndo mipaka yake, ukipitiliza unaanza kusikia malalamiko. Windows Server ni nzuri lakini leseni yake inahesabu mpaka vichwa, kila mtu anayeingia ana leseni yake, msije mkashtuka baadaye. Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ikiwa na Samba, programu ya kushirikiana mafaili, haina leseni ya kulipia, hiyo Samba ilianza 1992 kwa Mwaustralia mmoja, Andrew Tridgell, na kompyuta zenu za Windows zitaiona kama folda ya kawaida tu. Mnachookoa kwenye leseni mlipeni fundi anayeijua, asiwe anajifunzia kwenu.

SWALI: Fundi, mimi nilikuwa baharini miaka mingi, sasa nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Chumbageni na stoo mbili. Mwanangu anataka kompyuta zote sita ziwe chini ya seva moja. Namwambia baba, huo ni mzigo wote kwenye jahazi moja, likizama tumezama wote. Ananicheka. Nimekosea?
Nahodha Mstaafu

JIBU: Shikamoo nahodha. Hujakosea hata kidogo na kijana asikucheke, hiyo ndo kasoro kubwa ya seva na wauzaji huwa wanaipita haraka haraka. Lakini na mimi nikuulize, sasa hivi mzigo wako upo kwenye madau sita, kila dau linavuja, na hakuna hata mmoja anayekumba maji. Bora jahazi moja lenye nahodha na baharia wa kukumba maji ya ngama, au sivyo?

Kukumba maji kwenye seva kunaitwa bakapu, na hapo nikupe aibu yangu mwenyewe. Masika moja nilifunga seva kwenye ofisi ya watu, kazi safi, waya zimelala kama nywele zilizochanwa, nikanunua na diski ya nje ya bakapu. Nikaiweka wapi? Juu ya seva hiyo hiyo, waya ulikuwa mfupi nikasema nitarekebisha wiki ijayo. Mvua ikanyesha usiku kucha, bati likavuja, asubuhi napigiwa simu nafika nakuta tone, tone, tone, maji yanatua katikati ya kifuniko cha ile diski na kuteremkia kwenye seva. Vyote viwili vimekufa. Wiki mbili nilikaa na wale wadada tunaingiza risiti moja moja kutoka kwenye maboksi, nyingine wino umeshafifia tunazimulika kwa tochi ya simu, na chai na chapati nanunua mimi. Hakuna aliyenidai ila kila nikinyanyua kichwa nakuta mtu ananitazama.

Tangu hapo nafuata ile kanuni ya mafundi ya tatu mbili moja, yani nakala 3 za kila kitu, kwenye vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya jengo. Kwa duka lako nunua diski mbili za nje, moja inapokea bakapu kila usiku, Ijumaa mnazibadilisha na ile iliyojaa inakwenda kulala nyumbani kwako. Halafu kila mwezi mwambie mwanao achague faili moja, alirudishe kutoka kwenye diski ulione kwa macho yako. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa we ihesabu haipo.

Na atakwambia, baba, seva yenyewe ina diski mbili zinazoandika kwa pamoja, moja ikifa nyingine inaendelea. Kweli, ni nzuri, inakuokoa diski ikifa mchana wa mauzo. Ila ukifuta orodha ya wadaiwa kwenye moja, imefutika kwenye zote mbili sekunde hiyo hiyo, na mwizi akibeba seva kabeba zote mbili. Kwa hiyo hiyo siyo bakapu.

Umeme ukikatika UPS, lile boksi la betri, haikusaidii kuuza mpaka jioni, inakupa dakika chache seva ijizime kwa adabu. Seva ikizimika ghafla katikati ya kuandika ndo unakuta kesho kanzidata haifunguki. Muulize mwanao UPS imeunganishwa na seva kwa waya wa data ili ijizime yenyewe, au imewekwa pale kama pambo? Nyingi nazoziona ni pambo.

Halafu virusi. Mei 2017 kile kirusi cha WannaCry kilisambaa nchi zaidi ya 150, kinafunga mafaili kinadai dola 300, na kilikuwa kinaruka kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia huo huo mlango wa kushirikiana mafaili. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tangu Machi, walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Ndo maana diski ya bakapu iliyochomolewa inayolala nyumbani kwako ina thamani kuliko ile iliyochomekwa muda wote, ile iliyochomekwa nayo inafungwa.

Tena hofu yako ina historia humu humu nchini. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta mwaka 1965, mashine moja ya kuhesabia mambo ya nchi, miaka ikaenda hesabu zikavurugika, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu. Wazee waliokuwa maofisini wakati huo wanalijua hilo. Mi naona kilichokosekana pale kilikuwa watu wa kuisimamia zaidi ya mashine yenyewe, ila hiyo ni ya kwangu, tunaweza kubishana siku nikipita kununua misumari.

SWALI: Habari fundi, nafundisha shule ya sekondari binafsi Bagamoyo. Maabara yetu ina kompyuta 22 za zamani, karibu nusu hadi diski zimekufa. Mkuu wa shule kasema hakuna hela ya mpya. Wanafunzi wanakaa wanne wanne. Kuna namna?
Mwalimu wa Zamu

JIBU: Ipo mwalimu, tena nzuri, na hizo zilizokufa diski usizitupe. Kuna mradi wa bure unaitwa LTSP wa watu wa Linux, upo tangu 1999, kompyuta inawaka bila diski kabisa, ukibonyeza swichi inavuta mfumo wote kutoka kwenye seva kupitia waya wa mtandao. Kadi ya mtandao iwe inaweza kuwashia kompyuta kupitia waya, angalia kwenye baiosi, ile mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka, nyingi zinaweza. Zenye RAM ya GB 2 na kuendelea ziache zifanye kazi zenyewe, zile dhaifu zaidi zifanye tu kazi ya skrini na kibodi, programu zote ziendeshwe kwenye seva. Seva yenyewe mtafutieni mfadhili au mzazi mmoja, iwe na RAM ya GB 32, hapo hela isibanwe.

Raha yake utaiona Jumatatu. Mtoto aliyefuta aikoni zote, aliyeweka picha ya mchezaji kwenye skrini, aliyebadili lugha ikawa Kichina (yupo kila darasa huyo), kama wanaingia kwa jina la mgeni lisilohifadhi mabadiliko, unazima unawasha kila kitu kimerudi. Ukiongeza programu unaiongeza mara moja kwenye seva, kompyuta 22 zimeipata.

Mawili tu. Kompyuta zote 22 zikifungua video kwa pamoja seva itaomba maji. Na hii ni Linux, mtakuwa mnatumia LibreOffice, inafanana na Word ila menyu haziko pale pale, kwa hiyo kabla hujabomoa chochote kaa na mwenzako anayeandaa watoto wa mtihani mkubaliane kompyuta ngapi zibaki na Windows.

SWALI: Tuna zahanati binafsi Raskazone. Mapokezi, daktari, maabara na famasi wote wanaingia kwa nenosiri moja, 1234, limebandikwa ukutani. Juzi habari ya mgonjwa imefika mtaani kabla mgonjwa mwenyewe hajafika nyumbani. Seva itazuia?
Msimamizi

JIBU: Ng'oa hiyo karatasi ukutani halafu uendelee kusoma.

Seva haizibi mdomo wa mtu. Inachoweza ni kumpa kila mmoja jina lake na mpaka wake, mapokezi aone jina na foleni, famasi aone dawa zilizoandikwa, majibu ya maabara ayaone daktari na aliyepima. Na kila anayefungua faili la mgonjwa anaacha alama, saa na jina, kwa hiyo siku habari ikitoka humuiti kila mtu ofisini kuapa, unafungua kumbukumbu unaona faili lile lilifunguliwa na nani. Kwenye 1234 hapo wote ni mashahidi na wote ni washtakiwa. Nimeona mahali wakishajua tu kwamba kuna alama, udadisi umepungua wenyewe, hakuna hata aliyefukuzwa.

Na hili siyo hiari tena. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, habari za afya ya mtu zinahesabika taarifa nyeti, na taasisi inayokusanya taarifa za watu inatakiwa ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kama hamjajisajili anzeni hapo wiki hii.

SWALI: Kwani fundi seva ya ndani ya nini siku hizi, si kila kitu kipo kwenye wingu?
Kijana wa Kisasa, Tanga

JIBU: Wingu ni seva ya mtu mwingine ipo mbali, ndo ile ile habari ya kuweka vitu pamoja, kilichobadilika ni mlinzi na umbali. Baruapepe iache huko, usijisumbue kuiendesha mwenyewe. Ile nakala ya bakapu ya nje ya jengo nayo inaweza kukaa huko. Lakini kazi ya kila saa, ya kaunta, mtu kasimama anasubiri risiti, jiulize tarehe 12 Mei 2024 ulikuwa unafanya nini. Nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, intaneti nchi nzima ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Wenye kila kitu kwenye wingu walikaa wanatazama kiduara kinazunguka, wenye seva chumba cha pili waliendelea kuandika risiti wakasikia habari redioni. Kama ofisi yenu ni watu watatu na kazi ni barua na ankara mbili kwa wiki, sawa, kaa kwenye wingu usinunue chochote.

SWALI: Seva yetu tumeiweka jikoni chini ya meza ya chai, karani anasema ndipo penye soketi. Ina shida?
Ofisi ya Mkonge

JIBU: Ina shida tatu na karani ni mmojawapo. Mvuke wa birika, sukari inavuta sisimizi wanaingia mpaka kwenye pawasapalai, na siku moja mtu atachomoa seva achomeke jiko la umeme. Tanga hii hewa ina chumvi na unyevu, chuma kinaliwa hata kikiwa kimetulia, kwa hiyo msiiweke dirishani la upande wa bahari ati ipate upepo. Tafuteni chumba kikavu chenye kufuli, iwe juu ya meza siyo sakafuni, nyuma yake pabaki nafasi ya kiganja joto litoke, feni ya dari inatosha kwa seva moja kama chumba hakipigwi na jua la mchana, AC ikipatikana ni bora zaidi ila isiwe inadondoshea maji juu yake. Kabati sawa, lakini lenye mlango wa wavu, siyo lile la nguo mlilonitumia picha, lile rudisheni nyumbani kwa mwenyewe, bado lina hanga.